Inakili Ikiwa Bado Inawaka

Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi wa matengenezo na wasimamizi wa mifumo ya kompyuta viwandani. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao zamu haikuwaruhusu kufika. Picha za skrini nimeziacha.

Ndugu mafundi, ndugu wahandisi, nanyi wenzangu wa kompyuta mliokaa kule nyuma: sogeeni mbele, mkutano huu ni wenu pia. Hamjambo?

Nianze kwa kuuliza. Ni nani kati yenu ambaye kiwandani kwake kuna mashine inayoendeshwa na kompyuta yenye umri mkubwa kuliko fundi anayeihudumia? Inueni mikono. Asanteni, naona karibu ukumbi mzima. Sasa shusheni, niulize la pili. Ni nani kati yenu ana nakala ya diski ya kompyuta hiyo, nakala ambayo amewahi kuiwasha akaiona inafanya kazi? Inueni tena.

Mnaona wenyewe. Tofauti kati ya mikono ile na mikono hii ndiyo iliyonileta hapa.

Ninazungumzia Unix, mfumo endeshi wa kompyuta. Mfumo huu ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 uliandikwa upya kwa lugha ya C, na tangu hapo ikawa rahisi kuuhamisha kutoka aina moja ya kompyuta hadi nyingine. Miaka ya 1980 na 1990, mtengenezaji wa mashine ya kukata chuma, ya kupimia vipuri au ya kukagua saketi alihitaji kompyuta inayofanya kazi kadhaa kwa pamoja bila kuanguka, inayochora skrini, inayozungumza na mitambo kwa poti ya siriali na kutuma faili mtandaoni. Hakuwa na pa kwenda pengi. Alichukua Sun yenye SunOS au Solaris, au Silicon Graphics yenye IRIX, au HP yenye HP-UX. Mwingine alitumia kompyuta ya kawaida ya Intel akaitilia SCO Unix, au QNX ambayo ni ndugu wa karibu. Akaifungia kabatini, akauza mashine.

Mashine zikaendelea kufanya kazi. Kampuni za kompyuta ndizo zilizotoweka. Kampuni ya Digital ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, na Compaq ikanunuliwa na HP mwaka 2002. Toleo la mwisho la IRIX, 6.5.30, lilitoka mwaka 2006. Sun iliingia mikononi mwa Oracle mwaka 2010. Lakini meza ya itale ya mashine ya kupimia haijui habari hizo. Bado imenyooka kama siku ilipofungwa.

Kwa hiyo nasema, na nitalirudia hadi mnichoke: kompyuta iliyomo kabatini mwa mashine si kompyuta ya ofisini. Ni kiungo cha mashine. Itunzeni kama mnavyotunza beringi: ijulikane hali yake, iwepo spea yake, na iandikwe jinsi ya kuibadilisha.

Kuna kiwanda kimoja chenye mashine ya kupimia ambayo mkono wake hushuka ukagusa chuma nukta baada ya nukta. Inaendeshwa na kituo cha kazi cha Unix, yaani kompyuta yenye nguvu ya kutumiwa na mtu mmoja, cha miaka ya 1990. Uongozi mpya ulipopita na kuiona ile skrini nene, ukaagiza kompyuta ibadilishwe mara moja. Mafundi wakatii, wakaanza kufuatilia. Programu ya kupimia haina toleo linalokwenda kwenye mfumo mwingine. Kadi inayozungumza na kidhibiti cha mashine inaingia kwenye nafasi ambayo kompyuta mpya haina. Jedwali la kusahihisha makosa madogo ya mihimili, lililotokana na vipimo vya leza siku mashine ilipofungwa, ni faili moja ndani ya diski ileile. Na taratibu za kupima vipuri ziliandikwa na watu ambao wamekwisha kustaafu. Kumbe kubadilisha kompyuta kulikuwa na maana ya kubadilisha mashine nzima, kisha kuwathibitishia wateja wote upya kwamba kipimo cha leo kinalingana na cha jana. Uongozi ulipolielewa hilo haukuuliza tena "tutaitoa lini?" Ukauliza "tutaitunzaje?" Hapo ndipo kazi ilipoanza kwa kweli.

Msidhani ni viwanda maskini peke yake vinavyofanya hivi. Mwaka 2013 zilitangazwa nafasi za kazi kwa wanaojua kuandika programu za PDP-11, kompyuta ya aina ileile ambayo Unix ilikulia, ili wahudumie mitambo ya vinu vya nyuklia vya Kanada. Kompyuta hizo zilipangwa kuendelea kutumika hadi mwaka 2050. Watu wa nyuklia hawachezi na hatari. Wamepiga hesabu wakaona kutunza kunakojulikana ni salama kuliko kubadilisha kusikojulikana.

Sasa basi, ni nini kinachoziua?

Programu haichakai. Amri iliyofanya kazi mwaka 1994 itafanya kazi vilevile leo. Kinachochakaa ni vitu vinavyozunguka, vitu vyenye maji ndani, na vitu vyenye betri. Kapasita za pawa saplai hukauka au huvuja. Feni hukwama, joto likapanda. Hayo mnayajua, na yeyote aliyewahi kushika chuma cha kulehemu anayaweza. Acheni niseme kwa kirefu juu ya diski na juu ya chipu moja.

Kiwanda fulani kilizima umeme wote kwa matengenezo ya mwaka. Kompyuta ya mashine mojawapo ilikuwa haijazimwa kwa miaka. Umeme uliporudi, feni ikazunguka, taa ikawaka, lakini ile sauti ya diski inayopanda polepole haikusikika. Mlio mfupi tu, kimya, mlio tena, kimya. Diski nyingi za zamani zikisimama, vichwa vya kusomea hulala juu ya sahani, na baada ya miaka ya joto kilainishi kilichopakwa juu ya sahani hunata. Mota haina nguvu ya kuvinasua. Fundi wa zamu aliitoa diski kwenye fremu yake, nyaya zikiwa bado zimechomekwa, akailaza bapa viganjani, na ilipoanza kulia akaizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono, kulia na kushoto, kufuata mzunguko wa sahani. Mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili ikanasuka, na sauti ikapanda.

Je, alichofanya baadaye mnakijua? Hakuirudisha kabatini. Msimamizi amesimama mlangoni, mstari mzima wa uzalishaji unasubiri, naye akasema: hakuna kitakachopita kwenye mashine hii mpaka yote yaliyomo humu yawe mahali pengine. Akainakili papo hapo. Ningekuwa na medali ningempa, kwa sababu diski iliyonasuliwa kwa mkono imekupa nafasi moja tu. Huna ahadi ya nafasi ya pili.

Na hiyo chipu sasa. Fungueni kituo cha kazi cha Sun cha enzi hizo, mtazame ubao mkuu. Mtaiona chipu nyeusi iliyo nene kuliko jirani zake, imeandikwa M48T02 au M48T08. Unene ule ni betri. Betri ya lithiamu imezikwa ndani ya plastiki pamoja na saa, na ilitarajiwa kudumu yapata miaka 10. Humo ndimo inamokaa anwani ya Ethernet na namba ya utambulisho wa kompyuta, ile inayoitwa hostid. Betri ikifa, skrini hukuandikia kwamba yaliyomo kwenye IDPROM, yaani kumbukumbu ya utambulisho, si halali, na anwani ya mtandao huonekana ff:ff:ff:ff:ff:ff. Mfumo wenyewe unaweza kuwaka. Lakini programu ya mashine ina leseni iliyofungwa kwa hostid, na kwa leseni hiyo, hii si kompyuta yake tena. Utamwomba nani leseni mpya, ikiwa aliyeitoa alifunga milango zamani?

Dawa ipo. Wako wanaochimba plastiki ya chipu kwa uangalifu, wakakata njia ya betri ya ndani na kulehemu nyaya za betri ya kitufe ya CR2032. Wako wanaotafuta chipu nyingine ya aina hiyohiyo. Kwa vyovyote vile, utambulisho utauandika upya kwa mkono kwenye kidokezo cha ok, kile kinachotokea kabla mfumo haujawaka, kwa amri ya mkp. Namba za kuandika utazitoa wapi kama hukuzinukuu betri ikiwa hai? Amri yenyewe ni neno moja: hostid. Ukiwa root, yaani mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote, ongeza ifconfig -a upate anwani ya Ethernet. Nukuu majibu kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kabati. Kesho asubuhi, kabla ya chai. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayoamua kama mashine itafufuka au itakuwa chuma chakavu.

Nakuja kwenye nakala, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi mnaosema "sisi tunazo".

Kiwandani mahali fulani nilioneshwa droo ya kanda za sumaku. Kila kanda imeandikwa tarehe kwa kalamu, mwandiko mmoja, wiki baada ya wiki. Kila Ijumaa opereta alitia kanda kwenye kiendeshi, taa ikawaka, taa ikazimika, akaitoa, akaandika tarehe. Mtu mwaminifu kabisa, hakuruka wiki. Tulipokifungua kile kiendeshi, roli ya mpira inayosukuma kanda ilikuwa imeyeyuka ikawa ute mweusi. Mpira wa vifaa hivyo huoza wenyewe kwa umri. Tangu lini? Tuliingia kama root, tukaandika mail. Kwenye Unix, kazi inayoendeshwa na cron, ile programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, ikitoa malalamiko, malalamiko hayo hutumwa kwa barua kwa mwenye kazi. Barua zikamwagika skrini nzima: kosa la kuandika kanda, kosa la kuandika kanda, kosa la kuandika kanda. Barua za miaka. Kompyuta ilisema kila Ijumaa, na hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba inasema.

Simlaumu opereta. Alifanya alichoelekezwa. Namlaumu aliyemwelekeza atie kanda bila kumwelekeza asome barua. Kwa hiyo mkirudi, someni barua za root. Mtashangaa mashine zenu zimewaambia mangapi.

Nakala inachukuliwaje? Kwanza, usiichukue uzalishaji ukiendelea. Unix hushikilia maandishi kwenye kumbukumbu kabla ya kuyashusha kwenye diski, ndiyo maana kuzima kwa swichi kuu huvuruga mfumo wa faili, na ndiyo maana nakala iliyochukuliwa programu zikiandika inaweza kuwa nusu ya jana na nusu ya leo. Ingia hali ya mtumiaji mmoja, andika sync ili maandishi hayo yashuke kwenye diski, ndipo unakili. Chukua nakala za aina mbili. Moja ya faili, kwa tar au ufsdump, ili ukihitaji faili moja uipate. Nyingine ya diski nzima, sekta kwa sekta, pamoja na sehemu ya kuwashia. Ikiwa diski ina majeraha, ni heri kuitoa na kuisoma kwenye kompyuta nyingine yenye kadi ya SCSI, ile njia ya zamani ya kuunganisha diski, kwa programu ya ddrescue. Hiyo husoma kwanza panaposomeka, ikiweka kumbukumbu ya palipokataa, kisha ndipo irudie mabaya. Dd ya kawaida, ukiiambia iendelee licha ya makosa, hung'ang'ana na kila sekta mbovu inapoikuta, na diski inaweza kufia njiani kabla ya kufika kwenye mema.

Kisha iwashe nakala hiyo. Iwashe! Siku hizi kuna vifaa vidogo, SCSI2SD, BlueSCSI, ZuluSCSI, ambavyo hukaa mahali pa diski ya zamani na kuweka data kwenye kadi ya kumbukumbu. Kompyuta huamini inazungumza na diski ileile. Zingatieni namba ya kifaa kwenye mnyororo wa SCSI, na vizuia mwangwi viwepo kwenye ncha zote mbili za mnyororo, si katikati. Kompyuta nyingine huuliza jina la mtengenezaji wa diski na kukataa isilolijua. Baadhi ya vifaa hivi vinakuruhusu uandike jina ambalo kompyuta inataka kusikia. Mashine ikifanya kazi zamu nzima kwa kadi hiyo, ile diski ya asili ifungwe vizuri, iandikwe, iwekwe. Hapo ndipo mtasema mna nakala.

Kuhusu mtandao nitakuwa mfupi. Mifumo hii huzungumza kwa telnet, ftp na rlogin, na nenosiri hupita wazi kwenye waya. Mingi husoma herufi 8 za kwanza tu za nenosiri. Haitapata viraka vya usalama tena. Isiwekwe kwenye mtandao wa ofisi, basi. Weka kompyuta ndogo ya kisasa katikati, yenye kadi mbili za mtandao: upande mmoja kuna mashine peke yake, upande wa pili kuna kiwanda. Faili zichukuliwe na huyo wa katikati. Nanyi wa usalama wa mtandao, nawaheshimu, lakini msipitishe skana yenu ya kutafuta udhaifu wa mtandao kwenye mashine hizi bila kumwambia fundi. Nimeona kidhibiti kikiganda katikati ya kazi kwa sababu ya skana ya kawaida kabisa. Kifaa kilichotengenezwa kabla ya skana hizo hakikufundishwa kuzijibu. Na kabla ya kununua swichi mpya, hakikisheni bado inaelewa megabiti 10 kwa sekunde. Baadhi yake hazielewi tena.

Kuna mwaka unaokuja. Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na mifumo hii ya biti 32 ina nafasi ya sekunde 2,147,483,647 tu. Zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 9 usiku na dakika 14 na sekunde 7 kwa saa za dunia, na saa ya mfumo itaruka hadi Desemba 1901. Mnaosema mashine yenu itakuwa imestaafu, je, si ndivyo walivyosema waliowatangulia juu ya mwaka 2000? Zipo programu zinazohesabu tarehe za mbele, kama ratiba za matengenezo au muda wa leseni, nazo zitaligusa ukuta huo mapema. Kwa mashine ambayo haiwezi kusahihishwa, mafundi hurudisha saa nyuma miaka 28. Kwa nini 28? Kwa sababu siku za wiki ni 7 na mwaka mrefu huja kila baada ya miaka 4, kwa hiyo kalenda hurudia kila baada ya 28, na itaendelea hivyo hadi mwaka 2100 utakapoivuruga. Mwaka 2038 unaanza Ijumaa, na 2010 ulianza Ijumaa. Mashine haitaona tofauti. Anayesoma ripoti ndiye atakayejumlisha 28, na hilo liandikwe mahali asipoweza kukwepa kuliona.

Najua wapo wanaojiuliza kwa nini tusiihamishe yote kwenye emuleta tukapumzika. Kwa baadhi ya mashine ni jibu zuri. SIMH, QEMU, na bidhaa za kulipia kama Charon huiga kompyuta za zamani ndani ya seva mpya. Nazikubali bila kusita pale ambapo kompyuta inazungumza na mashine kwa siriali au Ethernet. Lakini chunguzeni kinachotoka nyuma ya kabati. Kama ni kadi ya VME au SBus, zile nafasi za kadi za zamani, iliyotengenezwa na mwenye mashine mwenyewe, emuleta itaiga kichakataji, itaiga diski, na hiyo kadi haitaiga. Hata siriali ina mitego. Kidhibiti kilichozoea jibu ndani ya milisekunde chache kinaweza kukata tamaa kikipitia kibadilishi cha USB. Mimi huanza kwa kuijaribu emuleta pembeni, kwa kutumia nakala, bila kugusa mashine. Hata ikishindwa kuiendesha mashine, mtakuwa mmepata mahali pa kujifunzia ambapo hamuwezi kuharibu kitu.

La mwisho ni watu. Mashine moja niliyoitwa kuiona ilikuwa inawaka vizuri akiwepo mzee mmoja, na kugoma akiwa likizo. Vijana walifuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno. Nikamwomba mzee aiwashe nami nimesimama kando. Aliwasha kidhibiti, akawasha kompyuta, akaketi. Hakugusa kitu. Nikamuuliza, "Mzee, unangoja nini?" Akasema, "Nasikiliza breki ziachie." Kidhibiti kilihitaji kumaliza kujipima kabla programu haijafungua poti. Breki zilipoachia, mlio mdogo upande wa kushoto, ndipo akaandika jina lake na kuingia. Karatasi haikuwa na mlio huo. Yeye hakuwahi kuuficha. Hakuna aliyewahi kumuuliza anangoja nini.

Wako wazee wa namna hiyo kwenye viwanda vyenu, na wengine wamebakiza muda mfupi. Wapeni heshima yao. Kaeni nao mashine ikiwashwa na ikizimwa, rekodini video, andikeni anachofanya na anachongoja. Waulizeni nenosiri la root, kwa sababu mara nyingine wao peke yao ndio wanaolijua. Likipotea, mfumo utaweza kufunguliwa kwa kuwasha kutoka kwenye CD ya kusakinisha na kulifuta, lakini hiyo CD mnayo?

Hapo mezani pembeni nimeleta kompyuta yenye kadi ya SCSI, kebo za pini 50 na 68, na nafasi ya kutosha ya kuhifadhi. Waliokuja na diski zao, na naona mifuko miwili mitatu, tuanze nanyi sasa hivi. Semeni tu kwanza ilitoka kwenye mashine gani na ilikuwa namba ngapi kwenye mnyororo. Maswali tutajibizana huku zikisomwa.